Kibali cha kuendesha gari ng'ambo (IDP): Mombasa kinapatikana wapi, na kinafaa wapi?

#1 Kisauni_Usukani

Assalam alaykum, na habari za saa hizi kwa wote.

Mie ni dereva wa teksi, njia zangu ni Nyali, Bamburi na uwanja wa ndege wa Moi. Ami yangu ana yadi ya magari Sharjah. Kaniita nende nikae naye kidogo msimu huu, na kwenye simu akasisitiza: "Usije bila leseni ya kimataifa, kuna magari ya kupelekea wateja." Nimeuliza stejini, kila mtu ana lake. Mmoja kasema DL (leseni ya udereva) ya Kenya inatosha. Mwengine kasema mpaka Nairobi, NTSA, wale wa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Wa tatu kanitumia linki ya watu wanaouza kadi ya plastiki ya miaka kumi, unalipa kwa dola, picha unajipiga mwenyewe na simu.

Nimekuja kwenu mnaosafiri. Hiki kitu hapa mjini kinatolewa wapi? Kinakaa muda gani? Na nikiwa nacho, ndiyo naweza kuendesha popote duniani?

#2 AbuSalim_Kibokoni

Wa alaykum salaam. Hiyo linki ifunge kwanza, halafu tuzungumze.

Kenya hii IDP hutolewa na AA, si NTSA. NTSA kazi yao ni DL yenyewe. AA ni chama cha wenye magari cha tangu 1919, kikiitwa Royal East African Automobile Association, enzi ambazo gari likipita mtaani watu wakitoka barazani kulitazama. Wana ofisi hapa Mombasa, kwa hivyo hupandi treni kwenda popote. Chukua DL ambayo muda wake haujaisha, pasipoti au kitambulisho, na picha ndogo za pasipoti. Fomu utaijaza huko huko. Ada hubadilika, piga simu kabla ya kuchoma petroli.

Utakachopewa ni kijitabu cha karatasi chenye jalada la kijivu, cha kuingia mfuko wa shati. Ndani maelezo yale yale yamerudiwa kwa Kifaransa, Kihispania, Kirusi na lugha nyengine, na kuna ukurasa wenye picha yako, sahihi yako na jedwali la aina za magari: A pikipiki, B gari dogo, C lori, D basi, E trela. Mhuri hugongwa pale tu ambapo DL yako inaruhusu. Ukiwa na leseni ya gari dogo, hutotoka AA ukiwa dereva wa basi.

Wengi wanateleza hapa: kijitabu hicho si leseni. Kazi yake ni kumsomea askari wa kigeni ile leseni uliyo nayo mfukoni. Ukikitoa bila DL, hujatoa kitu. DL ikiisha muda, nacho kimeisha, hata kama tarehe yake bado. Na hakitumiki katika nchi iliyokitoa, kwa hivyo usije ukamwonyesha askari wa kizuizini Mtwapa eti DL umeisahau nyumbani.

Kuhusu muda, kuna mikataba miwili ambayo utaiona imetajwa kwenye jalada. Ule wa Geneva wa 1949, kibali chake ni mwaka mmoja. Ule wa Vienna wa 1968, kibali hakizidi miaka mitatu wala hakipiti muda wa leseni. Kenya iliingia huu wa Vienna mwaka 2009. Changu cha mwisho kilikuwa cha mwaka. Sasa nambie, hiyo kadi ya miaka kumi imetokana na mkataba gani?

Popote duniani? La. Kwanza ni nchi gani, pili unaingia kama nani, mgeni au mkaazi. Hilo la pili ndilo linalowapeleka watu kortini.

#3 Sultan_wa_Feri

Shekhe unawatisha vijana bure. Mie nilikwenda Dubai, nikakodi Corolla kwa DL yangu ya Kenya, nikazunguka mpaka Fujairah. Hakuna aliyeniuliza kitabu cha kijivu wala cha kijani.

#4 AbuSalim_Kibokoni

Hukuulizwa kwa sababu hukugonga, alhamdulillahi. Siku ya kugonga anayekuuliza si askari peke yake. Kuna kampuni ya bima, na wale wanausoma mkataba uliotia sahihi mstari kwa mstari wakitafuta mlango wa kutokea. Wakikuta mlikubaliana "leseni halali pamoja na IDP" na wewe una moja tu, gari la watu utalilipa mwenyewe, na hospitali ya uliyemgonga pia. Nimefanya kazi kwenye kukodisha magari ya watalii hapa pwani miaka mingi, nimeyaona upande wa pili wa kaunta.

#5 Dada_Sharjah

Kisauni_Usukani, hodi kwako. Mimi ni wa Majengo ila naishi huku, na nataka kukutoa njia moja kabla hujaipita.

Umesema "magari ya kupelekea wateja". Hiyo ni kazi, kaka. Ukiingia kwa viza ya matembezi huruhusiwi kufanya kazi, na IDP haibadilishi chochote hapo. Kuendesha gari la kukodi kwenda kumtembelea ami yako Al Nahda, hilo ni la mgeni na IDP pamoja na DL vinakufaa. Kukaa nyuma ya usukani wa gari la yadi unampelekea mteja Ajman ni jengine kabisa. Mwambie ami, kama anakutaka kazini akutolee viza ya kazi.

Na ukipata viza ya ukaazi, kitabu cha kijivu kimekwisha kazi siku hiyo hiyo. Mkaazi anatakiwa awe na leseni ya hapa. Kuna nchi ambazo raia wake hubadilisha leseni moja kwa moja, sisi Wakenya hatumo, kwa hivyo ni shule ya udereva, mtihani wa nadharia, wa kuegesha, kisha wa barabarani. Dubai tangu 2023 wana kitu wanachokiita fursa ya dhahabu: mwenye leseni ya kwao anaweza kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa barabarani bila masomo, lakini mara moja tu. Ukifeli unarudi shuleni kama kila mtu. Na madereva wa Mombasa wanafeli, nawaambia ukweli. Si kwa kutojua kuendesha, ni kwa kutojua kungoja.

Halafu mwili. Huku tunakaa upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto. Magari yenu ya kutoka Japani, indiketa iko mkono wa kulia na wipa mkono wa kushoto. Huku ni kinyume. Siku za mwanzo kila ukitaka kukata kona, wipa zinaanza kufuta kioo kikavu na watu nyuma wanakupigia honi. Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni raundabauti: macho yako yamezoea kutazama kulia, na huku gari linakuja kutoka kushoto. Egesha mahali pa wazi kabla ya kuingia barabara kuu, zunguka zunguka mpaka shingo izoee.

Taa nyekundu Dubai ni dirhamu 1,000, alama nyeusi 12 (za makosa, kwenye leseni), na gari linafungiwa siku 30. Likiwa la kukodi, siku hizo unazilipia wewe. Kamera haina "bosi tuelewane".

#6 Kisauni_Usukani

Dada, Mungu akupe kheri. Hilo la viza hakuna aliyelitaja hapa, hata ami mwenyewe. Nampigia leo.

Hilo la wipa nimecheka peke yangu garini, abiria akaniuliza kuna nini.

#7 Mama_Kongowea

Wanangu, nisaidieni na mie. Kijana wangu anapelekwa Riyadh kuwa dereva wa nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Wakala kamwambia akate IDP hapa tu, itamtosha miaka yote miwili, na huko hakuna mtihani. Ni kweli?

#8 AbuSalim_Kibokoni

Shikamoo mama. Si kweli. IDP ni ya anayepita. Kijana akishapewa iqama (kibali cha ukaazi) ameshakuwa mkaazi, na mkaazi Saudia anaendesha kwa leseni ya Saudia. Tena IDP yenyewe ya mwaka itamfia njiani, na hawezi kukata nyengine kule kwa DL ya Kenya, lazima itoke Kenya.

Mama, muulize wakala maneno haya matatu na umwambie ayaandike ndani ya mkataba. Leseni ya Saudia atalipia nani? Akifeli mtihani wa kwanza mshahara unaendelea? Faini zikija, ni zake zote au kuna za mwenye gari? Akianza kuzunguka maneno, mna jibu lenu. Na asikubali kuambiwa "anza kuendesha, leseni itakuja". Akikamatwa, anayelala ndani ni yeye.

#9 Dada_Sharjah

Nyongeza: na nyumba nyingi Saudia sasa mama mwenye nyumba anajiendesha, wanawake waliruhusiwa tarehe 24 Juni 2018. Aulize kazi hasa ni ipi. Wengine huitwa madereva wakifika wakapewa mbuzi na bustani.

#10 Mama_Kongowea

Ahsanteni. Nitakwenda naye mwenyewe kwa huyo wakala.

#11 BintiMtwapa_Hamburg

Huu uzi ningeupata nikiwa Mtwapa ningelala vizuri. Kwa dada zangu na kaka zangu mnaokuja Ujerumani kwa ndoa (na tupo wengi, tusidanganyane), sikilizeni.

Ukija matembezi, DL ya Kenya pamoja na IDP au tafsiri rasmi ya Kijerumani vinakubalika. Ukija kuishi, unahesabiwa miezi sita tangu ulipojiandikisha kuwa mkaazi. Miezi sita ikiisha, DL ya Kenya kwa Mjerumani haina maana tena. Si kwamba unapigwa faini ndogo. Kuendesha bila leseni huku ni kosa la jinai, linaweza kuwa faini kubwa au kifungo cha hadi mwaka. Mume wangu Mjerumani mwenyewe hakulijua hili, kwake yeye leseni ni leseni. Wapo waliokuja na IDP ya tarehe nzuri kabisa wakadhani tarehe ile ndiyo inayowalinda. Haiwalindi. Kinachohesabiwa ni ukaazi wako.

Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazobadilishiwa bila mtihani. Lakini kuna unafuu ambao watu hawauambiwi: ukiwa na leseni halali ya kwenu, hulazimishwi kuchukua yale masaa yote ya darasani na barabarani ambayo kijana wa Kijerumani anayalipia. Unatakiwa kufaulu mitihani miwili tu, nadharia na barabara, pamoja na kupimwa macho na kozi ya siku moja ya huduma ya kwanza. Mtihani wa barabara utaufanya kwa gari la shule ya udereva, kwa hivyo shule utaihitaji, ila si kwa masomo kamili. Chukua masomo machache hata hivyo. Nasema kwa sababu mie niliwahi kuendesha matatu ya shemeji Mtwapa hadi Kilifi na nilijiona bingwa.

Nadharia ni maswali 30 na ukipita pointi 10 za makosa umefeli. Inapatikana kwa Kiingereza na Kiarabu, miongoni mwa lugha nyengine. Kiswahili haimo. Barabarani mtahini anazungumza Kijerumani, kwa hivyo kulia, kushoto, geuka, egesha, uyajue mpaka usingizini.

Kitu kinachowaangusha watu wetu ni njia panda za mitaani zisizo na kibao. Sheria yao: anayetoka kulia kwako ndiye wa kwanza. Hata kama wewe uko barabara pana iliyonyooka na yeye anatoka kijichochoro, unasimama. Kwetu anayetoka kichochoroni ndiye husubiri, au anachomoza pua ya gari mpaka umwachie. Huku mtahini anakutazama tu: unapokaribia kichochoro, umepunguza mwendo? Umegeuza kichwa kulia? Kama hukugeuza, hata kama hakuna gari, ameshaandika. Na kwenye barabara kuu kulipita gari kwa upande wa kulia ni marufuku. Ile ya kujichomeka kushoto kwa trela pale Mariakani, isahau.

#12 Sultan_wa_Feri

Mariakani hujichomeki kwa kupenda dada, trela limekaa katikati tangu asubuhi.

#13 DerevaWaTrela_Miritini

Naona trela zimetajwa, wacha niseme na mimi.

Afrika Mashariki usijisumbue na IDP. DL yetu inatambulika Tanzania na Uganda, na mimi napita Malaba na Busia kwa hiyo hiyo. Kinachokusumbua mpakani ni karatasi za gari. Mtu wa Mombasa anayetaka kwenda Tanga kwa gari lake, apite Lunga Lunga kutokea Horohoro, abebe hivi: logibuku (kitabu cha usajili wa gari), na kama gari si lake, barua ya mwenyewe, na kama ni la mkopo, barua ya benki. Halafu bima ya kadi ya manjano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), kata hapa mjini kwa bima wako kabla hujaondoka. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini kadi ya manjano bado wanaikubali. Upande wa pili utapewa kibali cha muda cha gari kukaa nchini. Tarehe ya kibali hicho iheshimu kuliko hata ya DL.

Ukivuka, kwenye vijiji ni kilomita 50 kwa saa, na wanaposema 50 wanamaanisha 50. Askari wa nguo nyeupe yuko chini ya mwembe na tochi yake ya kupimia mwendo. Mkenya anajulikana kwa namba za gari kutoka mbali.

Wanaokwenda mbali zaidi: Uganda bado ni kushoto kama sisi. Ukiingia Rwanda unahamia kulia. Burundi kulia, Kongo kulia, Sudan Kusini kulia, Ethiopia kulia. Na trela letu usukani uko kulia, maana yake ukiwa kule hulioni gari linalokuja mbele unapotaka kupita mwenzio. Suluhisho ni moja, usipite. Kaa nyuma yake. Mzigo utafika.

#14 MagariYaJapani_Shimanzi

Swali la haraka. Naagiza magari Japani, sasa nataka kwenda mwenyewe minadani Yokohama na Nagoya. IDP ya AA itanifaa niendeshe huko?

#15 AbuSalim_Kibokoni

Tazama jalada. Japani wako kwenye mkataba wa Geneva wa 1949 peke yake, huu wa Vienna hawakuingia. Wanakubali kijitabu cha 1949 tu, kutoka nchi iliyomo kwenye mkataba huo. Cha 1968 hata kiwe na mhuri wa dhahabu, kaunta ya kukodisha gari watakurudishia kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Kwako panda treni, ndugu, zinafika kila mahali kwa dakika yake.

Na mnaokwenda Guangzhou kununua bidhaa, kabla hamjauliza: China bara haitambui IDP ya aina yoyote.

#16 MagariYaJapani_Shimanzi

Yaani naleta magari yao miaka yote hii na kwao siruhusiwi kuligusa moja. Sawa, treni.

#17 Boda_Likoni

Mimi niko na DL ya pikipiki na tuktuk, gari sina. IDP nitapewa? Kuna watalii fulani wameniahidi kunialika Thailand na huko watu wanaendesha pikipiki ovyo ovyo.

#18 AbuSalim_Kibokoni

Utapewa, mhuri utagongwa kwenye A. Tena wewe uko salama kuliko wengi. Watalii wengi wanaokodi pikipiki huko wana mhuri wa B peke yake, wakianguka bima ya safari inawakana kwa sababu hawana ruhusa ya pikipiki. Helmeti vaa, hata kama wengine hawavai.

#19 NesiLeeds

Salamu kutoka kwenye baridi. Nimeona hakuna aliyeigusa Uingereza, na kila mwezi kuna nesi mpya wa kutoka nyumbani ananiuliza jambo hili hili.

Habari njema: wanaendesha kushoto kama sisi, na DL ya Kenya unaweza kuitumia miezi 12 bila mtihani. IDP si lazima kisheria, ila wa kukodisha magari wengine wanaipenda. Hiyo miezi 12 kwa anayekuja kuishi inahesabiwa tangu alipoanza ukaazi. Habari mbaya: Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni yake inabadilishwa (Afrika Kusini na Zimbabwe zimo, usiniulize). Baada ya hapo ni leseni ya mwanafunzi, pauni 34 ukiomba mtandaoni, nadharia pauni 23, mtihani wa barabara pauni 62 siku za kazi. Nadharia ni maswali 50, unatakiwa kupata 43, na kuna sehemu ya video ambapo unabonyeza ukiona hatari inatokea. Sisi tunaotoka Mombasa tunabonyeza kila kitu, kwa sababu kwetu kila kitu ni hatari. Kompyuta inadhani unafanya udanganyifu inakupa sifuri kwenye kipande hicho.

Usingoje mwezi wa kumi na moja ndipo uombe. Nafasi za mtihani wa barabara zinachukua miezi kupatikana, na miezi 12 ikiisha kabla hujafaulu, unarudi kubandika alama ya L na kukaa na mtu mwenye leseni pembeni kama mtoto wa miaka 17. Zamu ya usiku inaisha saa moja asubuhi, basi la kwanza limejaa, na mvua. Nadhani mmenielewa.

Mwengine ataniuliza malori. DL ya kwetu kama mgeni inakuruhusu gari dogo tu, lisilozidi kilo 3,500 na viti vinane vya abiria. Trela la kampuni ya huku huwezi kulipanda kwa C ya Kenya.

#20 Kidato_cha_Nne_Tudor

Na Marekani?

#21 NesiLeeds

Kila jimbo lina sheria yake, kwa hivyo uliza la jimbo unalokwenda. Lakini IDP uikate kabla ya kupanda ndege. Huko wanaotoa wanatoa kwa wenye leseni za Marekani tu, kwa DL ya Kenya hawakupi. Na matapeli wa kadi za plastiki wako wengi kule kuliko hapa. Serikali yao yenyewe inawaonya watu kuhusu mitandao hiyo.

#22 Shemeji_wa_Mikindani

Kuhusu hizo kadi. Jirani yangu aliletewa moja kwa posta, nzuri kweli, ina hologramu na ramani ya dunia. Alifika kaunta ya kukodisha gari ng'ambo, kijana akaigeuza mara mbili akamuuliza, "Na leseni iko wapi?" Akatoa DL ya zamani, ile ya kijitabu chekundu chenye picha iliyobandikwa kwa gundi na karatasi za kulipia kila mwaka. Kijana akamwita meneja. Meneja akawaita wenzake waje kuitazama. Gari hakupewa.

Kwa hivyo wenye DL nyekundu, kabla ya IDP hamieni kwanza kwenye kadi mpya yenye chipu. Hata kama hapa askari anaielewa nyekundu, huko wanaitazama kama hati ya shamba.

#23 Kisauni_Usukani

Nimerudi. Nimezungumza na ami, amekubali kwamba nije kwanza kama mgeni, mambo ya yadi yangoje viza. DL yangu ni ya chipu na nimeilipia mpya kwa eCitizen kwa sababu ilikuwa karibu kuisha, maana Abu Salim kashasema IDP haipiti muda wa leseni.

Limebaki moja. Pasipoti yangu imeandikwa Mohamed, DL imeandikwa Muhammad, na jina la babu liko kwenye moja halipo kwenye nyengine. AA watanikatia kwa jina gani?

#24 AbuSalim_Kibokoni

Wataandika la DL, kwa sababu hiyo ndiyo leseni. Tatizo litakuja kaunta ya kule, watakapoweka pasipoti na IDP kando kwa kando. Mmoja atacheka, mwengine atakataa, na huwezi kujua utamwangukia yupi. Rekebisha kabla ya kukata IDP, si baada. Anza na kitambulisho uone kimeandikwaje, kisha ile inayokwenda kinyume nacho ndiyo uibadilishe. Ikiwa ni DL, peleka ombi NTSA, na Huduma Centre pale Posta ya Digo Road watakuelekeza. Nenda mapema asubuhi, Ijumaa usiende.

#25 Kisauni_Usukani

Kitambulisho ni Mohamed. Basi ni DL. Jumatatu saa mbili niko pale.